Mtoto anakohoa kila nikifukiza: je, niache udi?

SWALI: Shikamoo bibi. Napenda udi na ubani tangu utotoni. Mwaka jana tulihamia nyumba ndogo, vyumba viwili na madirisha machache. Chumba cha kulala kina uvundo, hasa kabatini, kwa hiyo siku hizi nafukiza asubuhi na jioni. Mwanangu wa miaka sita ana pumu na amekuwa akikohoa usiku. Baba yake anasema udi ndio unaomwumiza mtoto, niuache kabisa. Rafiki yangu anasema ubani ni wa asili, hauna madhara, tena unaua vijidudu hewani. Wabaya ni vijiti. Mwingine ananishauri nihamie kwenye mafuta ya kunukia yanayotiwa kwenye kifaa cha umeme. Nimsikilize nani? (Mama Idrisa)

JIBU: Marahaba, Mama Idrisa, na pole kwa kukesha na mtoto.

Nikujibu kwanza lile linalokuhangaisha: kwa sasa usifukize chochote ndani ya nyumba hiyo. Sisemi uvunje chetezo. Nasema kipumzike wiki tatu au nne, mpaka kikohozi kitulie na mpaka ijulikane huo uvundo unatoka wapi. Mumeo ana haki ya kuuogopa moshi, lakini katika maelezo yako kuna jambo ambalo ninyi wawili hamlibishanii, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ni kabati.

Uvundo wa unyevunyevu unaorudi kila mlango wa kabati ukifungwa, mara nyingi ni wa ukungu. Fangasi hawa huota kwenye ukuta ulionyonya maji, nyuma ya mbao, chini ya godoro. Hutoa gesi zinazonuka na kurusha vijimbegu visivyoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009, na humo imeelezwa wazi kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kifua, pumu ikiwemo. Sasa tazama mzunguko uliomo. Uvundo unapanda, unafukiza. Udi unaufunika kwa saa mbili tatu, uvundo unarudi, unafukiza tena. Mtoto analala kwenye chumba chenye vitu viwili vinavyomkera mapafu, na kimoja kinakificha kingine. Ukiacha udi bila kuugusa ukuta, huenda kikohozi kikapungua kidogo kisha kikaganda hapo, na ubishi wenu ukaanza upya.

Halafu kuna hila ya pua. Ukikaa na harufu moja kwa dakika chache tu, pua huizoea na kuacha kukuarifu. Ndiyo maana anayefukiza kila siku huongeza kipande kila baada ya muda bila kujua ameongeza, na mgeni akiingia hubanwa kifua huku mwenyeji akilalamika kwamba udi wa siku hizi haunukii. Usiiamini pua yako mwenyewe, si kwa uvundo wala kwa udi. Muulize mtu anayetoka nje.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni kabati. Livute mbali na ukuta, umulike kwa tochi, upapase ukuta kwa kiganja uone kama una baridi ya maji. Angalia ubao wa nyuma wa kabati na pembe za chini. Madoa meusi, ya kijani, au meupe kama unga, ndiyo hayo. Toa nguo zote, zifue, zianike juani zikauke kabisa. Ukuta uusugue kwa maji ya sabuni ukiwa umevaa barakoa na mtoto yuko kwingine, kisha uache ukauke siku kadhaa dirisha likiwa wazi. Mbao zile za unga wa mbao ulioshindiliwa zikishavimba kwa maji hazisafishiki tena, zitupe. Ukitaka kutumia dawa ya klorini itumie peke yake. Ikikutana na siki au amonia hutoa gesi ya sumu.

Kusugua peke yake hakutoshi, maana ukungu ni matokeo ya maji. Tafuta maji yanaingia wapi: bomba linalovuja ndani ya ukuta, paa, unyevu unaopanda kutoka msingini, au mvuke wa jikoni na bafuni usio na pa kutokea. Kuna kipimo kidogo cha unyevu wa hewa kiitwacho haigromita. Unyevu ukibaki chini ya asilimia 60, ukungu hupata tabu kuota. Kabati likirudi, liachane na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma yake. Ukikuta kabati na ukuta ni vikavu kabisa, nenda bafuni. Lile bomba lililopinda chini ya karo hushika maji ili kuzuia hewa ya maji machafu isipande, na kama halitumiki maji hukauka na uvundo huingia vyumbani. Dawa yake ni lita moja ya maji.

Kama kabatini umetia vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, vitoe leo. Vingi ni naftalini, na mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wenye upungufu huo si wachache, hasa kwa watu wa asili ya sehemu zenye malaria, na wengi hawajui kama wanao.

Sasa tuje kwenye udi wenyewe. Kuna jambo moja ambalo wapenzi wengi wa kufukiza hawajawahi kuambiwa, nalo likieleweka mengine yote huwa mepesi: harufu unayoipenda haimo kwenye moshi.

Chukua ubani. Ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia. Gome huchanjwa, utomvu mweupe hutoka na kuganda kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha hukwanguliwa. Ndani yake mafuta yanayonukia ni sehemu ndogo tu, kwa kawaida chini ya moja ya kumi ya uzito wote. Kinachobaki ni ulimbo na gundi, na gundi hiyo ni jamaa wa sukari. Mafuta ni mepesi. Alfa-pinini, iliyo nyingi katika ubani wa Boswellia sacra wa Omani na Somalia, huchemka kwenye nyuzi 156 za Selsiasi, na huanza kupaa kabla hata ya kufika huko. Kaa jekundu lina zaidi ya nyuzi 600. Ukiiweka punje moja kwa moja juu yake, mafuta yote hupaa katika dakika ya kwanza au ya pili, na hiyo ndiyo raha unayoitafuta. Baada ya hapo kinachoungua ni gundi na ulimbo. Ule moshi mzito unaofuata, unaochoma macho na kuacha ukakasi kooni, hauna tena cha kukunukishia. Umenunua harufu, umebaki unavuta masizi.

Udi wa vipande una habari inayofanana. Mti wa Aquilaria ukiwa mzima, mbao yake haina harufu ya maana. Ni pale unapojeruhiwa na kuingiwa na fangasi ndipo hujikinga kwa kutengeneza ulimbo mweusi mzito, na ulimbo huo ndio udi. Mafuta yake ni mazito kuliko ya ubani, yanataka muda mrefu zaidi, lakini hayataki kaa jekundu. Kuhusu udi unaopikwa kwa sukari na manukato, nitasema nikijua nitachukiwa: ukiwa juu ya kaa lililowaka vizuri, ndio mbaya kuliko wote kwa kifua cha mtoto. Sukari huungua upesi na kwa moshi mwingi, na manukato yaliyokolezwa humo hupoteza ule utamu wake yakichomwa kwa joto kali namna hiyo.

Moshi wenyewe una nini? Kwanza chembechembe laini zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Hizi hazikamatwi na pua wala koo, hufika mpaka ndani ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wake kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalisema gramu moja ya uvumba unaoungua hutoa zaidi ya miligramu 45 za chembechembe, wakati gramu moja ya sigara hutoa kama 10. Tufanye hesabu ya chumba chako. Mita 3 kwa 4, dari ya mita 2.5, ni mita za ujazo 30. Miligramu 45 zikisambaa humo, kila mita ya ujazo inabeba maikrogramu 1,500, yaani mara 100 ya kiwango hicho. Ni kweli kwamba zote hazibaki hewani, nyingine hutua na nyingine hutoka mlangoni, na kiwango cha shirika ni cha wastani wa siku nzima, si cha nusu saa. Gawanya basi kwa kumi kwa kuhurumia. Bado si hewa ya kumlaza mwenye pumu, na wewe unafukiza mara mbili kwa siku.

Pamoja na chembechembe kuna monoksidi ya kaboni, benzini na formaldehidi. Kule Singapore watu 61,320 wenye asili ya Kichina, wa umri wa miaka 45 hadi 74, waliandikishwa kati ya mwaka 1993 na 1998 wakafuatiliwa mpaka 2005. Waliochoma uvumba kwa wingi kwa miaka mingi walionekana kupata zaidi aina fulani ya saratani ya njia ya juu ya hewa. Usilisome hilo kwa hofu isiyo na kipimo: hao ni watu wa kuuchoma karibu kila siku kwa sehemu kubwa ya maisha yao. Anayefukiza punje mbili siku moja ya juma, madirisha wazi, hayuko kundi moja nao. Ila desturi yako ya sasa imeelekea upande wao kuliko upande huu mwingine.

Na kama usiku mnawasha dawa ya mbu ya kuzunguka, ile ya kijani, moshi wake nao uingie kwenye hesabu. Utafiti wa mwaka 2003 ulipima na kukuta dawa moja ikiungua yote hutoa chembechembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Huenda mumeo anaukemea udi huku yeye mwenyewe ndiye anayeiwasha hiyo. Chandarua hakitoi moshi.

Kuhusu rafiki yako. Neno "asili" halina kazi hapa. Kuni ni za asili, na moshi wake unajulikana unavyowafanya wapishi. Mapafu hayaulizi chembe imetoka kwenye mti gani. Hilo la kuua vijidudu lina chembe ya ukweli iliyovutwa ikawa ndefu: mafuta ya ubani yamejaribiwa maabara, na yakigusana na baadhi ya bakteria huzuia kukua kwao. Kutoka hapo mpaka kusema moshi kidogo sebuleni unasafisha hewa, ni safari ambayo sijaona ushahidi wake. Mafua yakiingia nyumbani, fungua madirisha.

Kwenye vijiti rafiki yako ana hoja. Kijiti cha kawaida kina ufito wa mwanzi katikati, unga wa mbao na wa kunatisha, na mara nyingi manukato ya kiwandani yaliyochovywa mwishoni. Mwanzi na unga huungua pamoja na harufu, kwa hiyo unapata moshi mwingi kwa harufu kidogo. Ukikiweka puani kabla ya kukiwasha kikakupiga kwa ukali kama chupa ya marashi iliyomwagika, kimechovywa. Kipande halisi cha udi, kikiwa baridi, hunukia kwa mbali tu.

Mafuta ya kunukia kwenye kifaa cha umeme hayaungui, kwa hiyo masizi hakuna. Hapo aliyekushauri hakukosea. Lakini kumbuka tunamzungumzia mtoto mwenye pumu, na njia za hewa za wenye pumu wengi hujibana kwa harufu kali yenyewe, hata ikiwa ya waridi. Tena limonini, iliyo nyingi katika mafuta ya ndimu na machungwa, ikikutana na ozoni iliyomo hewani hubadilika na kuzaa formaldehidi pamoja na chembechembe mpya. Ndani ya chumba kilichofungwa si jambo dogo. Kisha kuna chupa zenyewe. Mafuta ya mikaratusi yakimezwa na mtoto, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumletea degedege na kumpotezea fahamu. Na chupa zake ni ndogo, za rangi, zinamwita. Kama mna paka, habari ni mbaya zaidi, kwa sababu ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali nyingi za mafuta haya, na mafuta ya mti wa chai ndiyo yanayoogopwa kuliko yote. Ndege wa kufugwa nao hawahimili moshi wala mvuke. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kifaa hicho usikinunue kwa sasa.

Wiki hizo za kupumzika zisipite bure. Kila asubuhi andika mambo matatu: mtoto amekohoa mara ngapi usiku, ametumia dawa ya kuvuta au la, na siku iliyopita kulikuwa na moshi wa aina gani ndani. Daftari hilo mpelekee daktari wake, litamfaa kuliko kumsimulia kwa kumbukumbu. Dawa za pumu zisipunguzwe kwa sababu tu umeacha udi. Na ukiona mbavu zinazama ndani anapovuta pumzi, au hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au midomo inabadilika rangi, hapo ni hospitali mara moja, hakuna cha kusubiri.

Tuseme ukuta umekauka, kikohozi kimetulia, na unatamani udi wako. Anza kwa nguo. Zifukizie nje au barazani, mtoto akiwa mbali, ziache zipungwe na hewa kwa saa moja au mbili, ndipo uziingize ndani. Pamba hushika harufu vizuri sana, na shuka moja iliyofukizwa hivyo italinukisha tandiko lako kwa siku kadhaa, ingawa la mtoto ningeliacha bila kitu. Nguo za nailoni na poliesta usiziweke juu ya chetezo, huyeyuka na kushika moto kabla hujageuka. Mtoto akivumilia nguo kwa wiki moja, ndipo ujaribu sebuleni, yeye akiwa shuleni, siyo chumba cha kulala. Kikohozi kikirudi, basi kwa nyumba hiyo mumeo ameshinda, na nakuomba ukubali.

Namna ya kufukiza ndiyo hii. Washa kaa dogo nje mpaka liwe jekundu lote na lijifunike ngozi ya majivu. Yale makaa ya duara yanayojiwasha kwa cheche yametiwa nitrati ya potasiamu ili yashike upesi, kwa hiyo moshi wa dakika za mwanzo ni wake, usiulete ndani. Jaza chetezo majivu makavu, fukia kaa humo, ulifunike kwa majivu ya unene wa nusu sentimita au zaidi. Juu yake weka bamba jembamba la ulanga, au kipande cha karatasi ya alumini, kisha punje moja ya ubani iliyo sawa na mbegu ya papai, au kibanzi cha udi. Katika sanaa ya Wajapani ya kusikiliza uvumba, iitwayo kodo, hufanya hivyohivyo kwa bamba la ulanga juu ya majivu, na wao huichukulia dalili ya moshi kuwa ni kosa la anayefukiza. Ubani ukifanya kazi kwa joto sahihi hulainika na kung'aa, unatoa harufu ya ndimu na msonobari, na moshi hauonekani au ni uzi mwembamba tu. Ukianza kutoa moshi, joto limezidi: ongeza majivu. Harufu ikigeuka kuwa chungu, mafuta yamekwisha: toa kilichobaki. Usikionee huruma, hakina kitu.

Njia ya majivu hupunguza moshi, lakini haigusi monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo hutoka kwenye kaa lolote linaloungua, lililofukiwa au lisilofukiwa. Haina rangi wala harufu, na imeua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Kwa hiyo usilale na chetezo chenye kaa, hata kama hakitoi moshi wowote, na wakati wa kufukiza fungua madirisha mawili yanayotazamana au dirisha na mlango. Kwa nyumba yako yenye madirisha machache, mimi ningechagua chetezo cha umeme chenye kitufe cha kupandisha na kushusha joto. Anza chini kabisa, panda taratibu mpaka harufu itoke, dakika kumi, zima. Wapo wanaosema harufu yake haina uhai kama ya kaa. Labda. Mara nyingi nadhani wanachokikosa ni moshi waliouzoea.

Mashine za kusafisha hewa zenye kichujio cha HEPA hukamata chembechembe, gesi nyingi huziacha zipite. Zinafaa, haziruhusu uzembe.

Kwa zile wiki za kusubiri, nyumba inaweza kunukia bila moto. Yasmini hufunguka jioni na kutoa harufu yake kwa nguvu zaidi usiku, kwa hiyo yachume machipukizi jioni, yatie kwenye sahani yenye maji kidogo sebuleni. Rehani ya chunguni dirishani hunukia ukiipapasa tu. Karafuu kavu, gome la mdalasini na maganda ya machungwa yaliyokaushwa, vikiwa kwenye kifuko cha pamba, vinafaa kabatini baada ya kabati kupona, si kabla. Karafuu ikipungua nguvu usiongeze nyingine; ziponde kidogo, mafuta yaliyo ndani yatatoka. Wapo wanaochemsha viungo hivi kwenye sufuria ili mvuke uenee. Ni njia nzuri kwa nyumba kavu, lakini kwako sikushauri mpaka ukuta ukauke, maana mvuke huo ni maji, na ukungu unayasubiri. Vyovyote utakavyochagua, weka kitu kimoja kwa wakati, ili mtoto akikohoa ujue ni nini.

Siku ya kununua tena, chagua ubani wa punje zinazopitisha mwanga, rangi ya maziwa au ya kijani hafifu au ya asali, usio na vumbi na vipande vya magome; magome ni moshi mtupu. Nunua kidogo. Utafiti wa mwaka 2019 kuhusu Boswellia papyrifera, mti unaotoa ubani mwingi wa Ethiopia, Eritrea na Sudan, ulionya kwamba mavuno yanaweza kushuka kwa nusu katika miaka 20, kwa kuwa miti inazeeka na miche haipati nafasi ya kukua. Aquilaria nazo zote zimo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa hiyo udi wa vipande unaouzwa kwa bei rahisi kupindukia, mweusi tii pande zote na wenye mafuta yanayoganda vidoleni, huwa ni mbao ya kawaida iliyopakwa.

Huo ulio nao sasa usiutupe. Utie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, ubani mbali na udi ili visichukuliane harufu, uweke mahali penye giza na pasipo joto. Alfa-pinini ndiyo hutangulia kupotea ubani ukiachwa wazi, lakini chupa ikifungwa vizuri, mwezi mmoja haufanyi kitu, na udi wa vipande unaweza kukaa miaka.